Daktari Kasyoka na Fundi wa Redio

Daktari Kasyoka Muthama alikuja kituoni kwetu Februari 1971, akiwa na sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu. Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu, umri wangu miaka ishirini na miwili. Alisimama mlangoni mwa ofisi, akatazama balbu iliyoning'inia darini, na kabla hata hatujasalimiana sawasawa akaniuliza, "Hapa umeme unatoka wapi?"

Nikamwambia unatoka kwa genereta, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, na dizeli ikiisha hautoki popote.

"Basi tutazoeana na dizeli," akasema, akaingia. "Unaitwa nani?"

"Muthoki."

"Muthoki, nitakuandikisha barua nyingi."

Kituo kilikuwa cha serikali, cha utafiti wa mbegu na nafaka za sehemu kavu, kilomita nne kutoka soko la Kwa Vonza. Tulikuwa na nyumba tano za mawe, ghala mbili na ekari kadhaa za mahindi, mbaazi na kunde. Hatukuwahi kuwa na daktari mwanamke. Watu wa sokoni waliposikia "daktari" walianza kuja na watoto wenye homa, na ilichukua miezi kuwaelewesha kwamba huyu hakuwa daktari wa sindano.

Alizaliwa mlimani Mbooni, akasoma kwa wamisheni, kisha akapata nafasi ya kwenda Uingereza mwaka wa 1962. Alikaa huko miaka minane. Alisomea kemia, ile ya upande wa fizikia, na ndani ya hiyo kemia akachagua kazi moja: kupima vitu kwa sumaku na mawimbi ya redio. Mimi nililijua hilo kwa sababu barua ya kwanza aliyonipa nipige ilikuwa ya kuomba mashine, na nilikwama kwenye neno refu katikati ya mstari wa pili. Akavuta kiti.

"Ndani ya tone la maji," akasema, "mna viini vidogo sana, na kila kimoja ni kama sindano ya dira. Ukiyaweka maji katikati ya sumaku kubwa, sindano hizo zinajipanga. Halafu unazigonga kwa wimbi la redio, zinayumba. Zikiwa zinarudi mahali pake, zinatoa wimbi lao wenyewe, dogo mno. Kazi yangu ni kutega sikio."

"Na zinasema nini?"

"Maji yaliyo huru yanalia kwa muda. Maji yaliyoshikwa na kitu, kama yale yaliyo ndani ya punje ya mahindi, yananyamaza upesi. Ukijua ni kiasi gani kiko huru, unajua ni gunia gani litakaa ghalani na ni gani litaota kuvu, hata kama kwa macho magunia yote mawili ni makavu."

Nilimwelewa vizuri. Kwetu nyumbani tulikuwa tumemwaga mahindi ya msimu mzima mwaka wa 1968, na tulipoyaweka ghalani tuliyaona makavu.

Mashine haikuja. Barua ilijibiwa na nyingine, na hiyo ikajibiwa tena. Wakati huo alipewa oveni na mizani. Alipima mahindi yakiwa mabichi, akayakausha kwenye oveni, akayapima tena, akaandika tofauti. Kazi hiyo angeweza kuifanya mtu wa kidato cha nne. Aliifanya miaka mitano. Ukutani juu ya meza yake alibandika karatasi ndefu yenye mstari uliopanda na kushuka kama milima, na mkubwa wetu wa kituo, Bwana Musembi, aliwahi kumuuliza kama ni picha ya moyo wake. Alijibu kwamba ni pombe kali, jinsi mashine ya Uingereza ilivyoichora. Bwana Musembi, aliyekuwa mzee wa kanisa, hakuuliza tena.

Mwaka wa 1974 nilimsindikiza Mbooni kumwona mamake, Kalunde, mwanamke mwembamba aliyekuwa bado anapanda ile njia ya mlima na mzigo wa kuni mgongoni. Tulikaa jikoni, tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe.

"Muthoki," mama huyo akaniambia, ingawa maneno yalimlenga mwanawe, "huyu alisoma miaka minane kutumia kitu ambacho hakipo. Angesoma kushona, sasa hivi angekuwa na cherehani."

"Kitakuja, mwaitu," Kasyoka akamwambia mamake.

"Mbona hukubaki nacho kule kilipo?"

Kasyoka alichochea moto kwa kijiti. "Waliniambia nibaki," akasema. "Kule wako wengi wanaokijua. Hawanihitaji."

"Na hapa wanakuhitaji?"

Kasyoka akakitupa kijiti motoni. Mamake akamwongezea chakula.

Kitu hicho kilikuja mwaka wa 1976. Profesa aliyemfundisha alikuwa anapata mashine mpya, akaona ile ya zamani isitupwe. Iliteremshwa Mombasa ikiwa kwenye makreti mawili. Kreti moja lilikuwa na sumaku, uzito wake kilo mia nne, na la pili lilikuwa na vifaa vya redio. Lori lililoyaleta liliharibikia Emali, wakahamisha mizigo kwenye lori lingine kando ya barabara, na kreti la pili likawaponyoka watu wanne likaanguka juu ya lami.

Tulilifungua uwanjani. Valvu za kioo zilikuwa zimepondeka, koili ya waya imekatika, sahani za chuma zimepinda. Kasyoka alipiga magoti akatoa kipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya gunia kwa ukubwa wake, kama mtu anayepanga vyombo vya marehemu. Hakulia. Alipomaliza alikwenda kunawa mikono, akarudi kwenye oveni.

Wahandisi wawili walikuja kutoka Nairobi, wakatazama, wakashauri mashine irudishwe Uingereza. Bwana Musembi akasema iwekwe stoo kwanza. Mimi ndiye niliyetaja jina la Kisilu Ndululu.

Kisilu alikuwa fundi wa redio sokoni. Alikuwa na miaka arobaini na sita wakati huo, mrefu, mwenye sauti ya chini, muimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa. Aliacha shule darasa la sita, akajiunga na jeshi la mkoloni, wakamweka kwenye kikosi cha mawasiliano, na huko ndiko alikojifunza. Redio yoyote iliyokufa kati ya Kwa Vonza na Tseikuru iliishia mezani kwake.

"Muthoki, hii si redio ya kusikilizia mpira," Kasyoka aliniambia. Lakini siku tatu baadaye alichukua michoro ya mashine, tukaenda sokoni kwa miguu.

Kisilu alifuta meza kwa mkono, akautandaza mchoro, akaufuata kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Kasyoka alikaa kwenye boksi la mbao akingoja. Nafikiri ilipita nusu saa. Hatimaye kidole kilisimama.

"Daktari, hii koili ndiyo inayorusha wimbi?"

"Ndiyo."

"Na ni hii hii inayosikiliza?"

"Ni hiyo hiyo."

"Inapiga kelele kubwa, halafu hapo hapo inataka kusikia mtu ananong'ona." Akainua macho. "Inafanyaje isijizibe masikio?"

Kasyoka aliinuka kwenye boksi akamweleza. Tukiwa njiani kurudi aliniambia kwamba swali hilo aliulizwa Uingereza, siku ya mtihani wake wa mwisho, na maprofesa watatu waliovaa majoho. "Nilitokwa jasho," akasema. "Huyu ameliona kwa kidole."

Walianza wiki iliyofuata. Kisilu alikuja kituoni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akaandikwa kama kibarua, kwa kuwa hapakuwa na cheo kingine cha kumwandikia. Valvu alizitoa kwenye redio za jeshi zilizokuwa zimetupwa. Waya wa koili aliuchomoa kutoka kwa mota ya pampu iliyoungua, akauviringisha juu ya mrija wa kioo, akaufungua, akauviringisha tena. Kasyoka alikokotoa, Kisilu akalehemu. Walipobishana, walibishana juu ya namba, na kwa lugha tatu. Kisilu alimwita Daktari, naye Kasyoka akamwita Mzee Kisilu. Kwa miaka yote niliyowaona hawakuwahi kuitana vinginevyo.

Baada ya miezi kumi mashine ilikuwa imekamilika, na haikufanya kazi. Au tuseme ilifanya kazi kwa muda mfupi: saa mbili asubuhi palionekana kitu kama kinundu kwenye kile kioo cha kijani kinachoonyesha mawimbi, na ikifika saa nne hakuna. Siku baada ya siku. Kasyoka alianza kukonda. Alifungua kila kiungo, akakifunga upya.

Asubuhi moja Kisilu hakugusa kiungo chochote. Alishika kirungu cha kubadilisha masafa, akakizungusha taratibu sana, jicho kwenye kioo. Kinundu kilipofifia, akakisogeza kidogo, kikarudi. Kikafifia, akakifuata tena.

"Haipotei, Daktari," akasema. "Inahama. Ni kama stesheni inavyohama redio ikipata moto."

Kasyoka aliweka kiganja juu ya sumaku. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Uingereza chumba chao kilikaa na baridi ile ile mchana na usiku, wala hawakuwahi kukifikiria. Kwetu, kufika saa sita bati lilikuwa likilia juu ya vichwa vyetu.

Wakachimba shimo. Bwana Musembi alipinga, kisha akakubali mradi tu asiombwe saruji. Lilikuwa na kina cha futi nane, kuta mbili za matofali na mchanga katikati, na mlango mzito wa mbao. Ilihitaji wanaume kumi na wawili na siku nzima kuishusha sumaku chini. Ndani mle mlikuwa na baridi ya asubuhi mpaka jioni.

Machi 1978, Kisilu aliiunganisha spika. Kasyoka alimwambia haina haja, kioo kinatosha. Yeye akasema macho yanadanganya, masikio ndiyo anayoyaamini. Niliitwa nikasimame mlangoni. Kasyoka akaingiza kichupa cha maji kwenye koili, na kila alipobonyeza swichi tulisikia mluzi mdogo uliofifia upesi. Akatoa kichupa, akaweka punje za mahindi makavu. Safari hii hapakuwa na mluzi. Ilisikika kama mtu aliyegonga meza mara moja kwa ukucha.

"Hayo ni maji yaliyoshikwa," Kasyoka akasema.

Kisilu akavua kofia yake, akaketi juu ya ngazi. Kasyoka akabonyeza tena, na tena, akiwa ametupa kisogo ili tusimwone uso.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo niliyomwona akiwa na furaha kabisa. Sampuli zilikuja kutoka Tseikuru kwa wafugaji waliokuwa wanajaribu kupanda mtama, kutoka Makueni, kutoka mashamba ya kwao Mbooni ambako ukungu wa mlimani haukauki mpaka saa tano. Aligundua kwamba magunia mawili yanaweza kutoa hesabu moja kwenye oveni, na bado moja likawa na maji huru maradufu ya lingine, na hilo ndilo lililoota kuvu kila mara. Mahindi yaliyokaushwa juu ya mwamba kwa haraka yalikuwa na ganda kavu na moyo wenye maji. Yaliyokaushwa polepole kivulini yalikaa mwaka mzima.

Mwaka wa 1981 aliandika makala. Nilipiga ukurasa wa kwanza na majina mawili chini ya kichwa: K. Muthama na K. Ndululu. Bwana Musembi aliuona mezani pangu, akauchukua, akaenda nao ofisini kwake, akamwita Kasyoka. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao, nikasikia yote.

"Kibarua wa darasa la sita," alisema. "Jarida la Ulaya watatuonaje? Huyo mshukuru mwisho, kama watu wanavyofanya. Na mkubwa wa kituo huandikwa. Ndio utaratibu."

"Hujawahi kushuka mle shimoni, Bwana Musembi."

"Nimelitia sahihi hilo shimo." Kisha sauti yake ikawa ya upole. "Daktari, barua ya kukupandisha uwe mtafiti mkuu iko hapa, inangoja kalamu yangu. Umengoja miaka kumi. Usijiharibie kwa jambo dogo."

Kasyoka alitoka na karatasi mkononi. Alisimama kwenye dirisha kwa muda, kisha akaiweka mbele yangu.

"Piga upya," akasema. "Muthama na Musembi."

Nilipiga. Nilikuwa karani tu, lakini ni mimi niliyepiga, na sijasahau. Jioni hiyo alikwenda sokoni kumweleza Kisilu. Alirudi akaniambia Kisilu hakujali, alisema jina lake liko juu ya mlango wa duka na linatosha. Aliniambia hivyo mara mbili.

Agosti mwaka uliofuata kulitokea jaribio la mapinduzi Nairobi. Sote tulisikia redioni asubuhi ile ya Jumapili, na tukasikia tena mchana kwamba limezimwa. Kwa wiki nyingi baadaye watu waliongea kwa sauti ya chini, na mtu yeyote mwenye chombo cha kurusha mawimbi alitazamwa kwa jicho baya. Siku askari walipopita Kwa Vonza wakikagua maduka, walikuta mezani kwa Kisilu kisanduku cha mashine yetu, kile kinachorusha. Alikuwa amekipeleka dukani kubadilisha valvu. Wakamuuliza ni cha nini. Akawaambia ukweli, kwamba ni cha kugonga maji yaliyo ndani ya mahindi.

Wakaondoka naye.

Walimpigia simu Bwana Musembi kumuuliza kama huyo mtu ni mfanyakazi wake. Alijibu kwamba si mfanyakazi. Kwa karatasi hakusema uongo, na kwa woga wa siku zile simlaumu kupita kiasi. Lakini Kasyoka aliposikia alichukua jarida lenye makala yake, akanichukua na mimi, tukapanda gari la kituo chetu kwenda polisi.

Inspekta aliyetupokea aliitwa Muturi, mtu wa Nyeri, mtulivu, mwenye macho yaliyochoka. Kasyoka alimweleza yote: sumaku, punje, kuvu. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Amefanya kazi nanyi kwa muda gani?"

"Miaka sita."

"Nionyeshe."

Kasyoka akampa jarida. Inspekta akasoma majina, akafungua mpaka mwisho kwenye shukrani, akakuta pale "fundi mmoja wa eneo letu." Akalifunga, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Daktari," akasema, "hapa hayupo."

Kasyoka aliliweka jarida mezani.

"Hayupo kwa sababu nilimtoa," akasema. "Nusu ya kazi hiyo ni yake. Mtu aliyeandikwa hapo mahali pake hajawahi kuigusa mashine. Nipe karatasi niandike hivyo na niweke sahihi."

"Unajua taarifa kama hiyo itasomwa na wakubwa wako?"

"Najua."

Aliandika kurasa mbili. Inspekta alipomaliza kuzisoma alisema maneno matupu hayatoshi kwa wakati ule, maana yeye naye ana watu wanaomuuliza. Kasyoka akamwambia amlete Kisilu na kisanduku, aone kwa macho yake. Ilichukua siku tano kupata ruhusa.

Walimleta kwenye gari la wazi. Alikuwa amekonda, na shati lake halikuwa lake. Alisalimia kila mtu mmoja mmoja, hata Bwana Musembi, akashuka shimoni na askari wawili nyuma yake. Akaunganisha kisanduku kwa dakika kumi. Kasyoka akaweka kichupa cha maji, akabonyeza, na ule mluzi ukasikika. Askari mmoja akarudi nyuma hatua.

"Na ukitaka kuongea na mtu Nairobi kwa hiki?" Inspekta akauliza.

"Haiwezekani, afande," Kisilu akasema. "Nguvu yote inaishia kwenye hii koili. Chukua redio ndogo, uifungue kwenye masafa haya, utembee nayo."

Inspekta Muturi mwenyewe ndiye aliyetembea. Nilimwona akipanda ngazi redio ikiwa sikioni, huku mle ndani Kasyoka anabonyeza. Shimoni redio ililia tik, tik, tik. Mlangoni ilisikika kwa mbali. Alipofika kwenye mti wa mgunga, hatua kama ishirini, alisimama, akageuza redio huku na huku, akaizima.

Kisilu alilala kwake Ijumaa hiyo, baada ya siku kumi na moja. Kisanduku walikaa nacho hadi Januari.

Mwenyewe hakurudi kituoni. Wiki ya tatu Kasyoka akaniambia twende kwake. Tulimkuta anatengeneza ua wa mbuzi. Mkewe akatuletea viti na chai, akaondoka.

"Mzee Kisilu," Kasyoka akasema, "nimekuja kuomba msamaha."

Aliendelea kufunga fito. "Kwa kushikwa? Hukunishika wewe."

"Kwa jina."

Akaacha kazi, akakaa juu ya jiwe. "Siku ile ulipokuja dukani," akasema, "nilikuambia jina langu linatosha pale mlangoni kwa sababu ulikuwa umeshaamua. Ningefanya nini? Nikutie aibu? Kama ungeniuliza kabla, ningekuambia nalitaka."

Kasyoka alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa pia nalitaka."

Barua kwa jarida niliipiga kesho yake. Walichapisha sahihisho mwaka wa 1983, mistari minne tu chini ya ukurasa, ikisema nani alifanya nini. Bwana Musembi alimpelekea Kasyoka onyo la maandishi, na ile barua ya cheo, iliyokuwa bado inazunguka maofisini, haikuonekana tena. Watu walimwambia akate rufaa. Alikata, ikapotelea ofisi fulani. Aliendelea kuitwa mtafiti, daraja lile lile aliloajiriwa nalo, mpaka siku aliyostaafu.

Kisilu alirudi shimoni, na makala ya pili ilitoka mwaka wa 1985, juu ya koili na shimo la kuipoza sumaku. Jina la kwanza lilikuwa la Kisilu. Kabla hatujaituma alitaka nimsomee yote, neno kwa neno, nikimfasiria pale Kiingereza kilipomzidi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kwenye ukurasa wa tatu akaninyamazisha kwa mkono.

"Umesema koili ina mizunguko kumi na miwili. Ni kumi na mmoja."

Kasyoka akaangalia daftari lake, akasema ni kumi na miwili. Wakashuka shimoni wakahesabu. Ilikuwa kumi na mmoja.

Miaka michache baadaye ilikuja barua ya mtu wa Poland akiomba mchoro. Iliandikwa kwa "Dr. Ndululu." Kisilu aliuchora mwenyewe kwa rula, siku mbili, na chini yake akaniagiza niandike kwamba yeye ni fundi wa redio, Kwa Vonza, na asanteni kwa kuuliza.

Mashine ilifanya kazi hadi 1991. Maofisa wa kilimo waliyabeba yale maelezo ya kukausha polepole wakayafikisha Kitui na Makueni. Wengine walifuata, wengine wakaona ni maneno ya watu wa ofisini. Baadaye vilikuja vipimo vidogo vya kushika mkononi, vilivyotengenezwa ng'ambo, na hakuna aliyehitaji tena kushuka shimoni. Kisilu alifariki mwaka wa 1993 kwa ugonjwa wa kifua. Kwaya yake iliimba bila besi ya maana. Kasyoka alipopewa nafasi ya kusema machache, alisema amefanya kazi na watu wawili tu katika maisha yake waliojua kuuliza swali, mmoja alikuwa profesa wake, na mwingine ni huyu. Akaketi.

Nilimtembelea Mbooni mwaka wa 1997. Alikuwa amejenga chini kidogo ya nyumba ya mamake, amepanda michungwa, na Jumatano na Ijumaa anafundisha fizikia katika shule ya wasichana bondeni, bila kulazimishwa na mtu. Tulikaa uani. Maharagwe yalikuwa yameanikwa juu ya turubai mbele yetu, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Nilimuuliza jambo nililotaka kumuuliza miaka mingi: kama anajutia kile cheo.

"Nikidanganya nitasema hapana," akajibu. "Nilikitaka sana. Hata miaka mitano ya oveni naijutia, nilikuwa kijana." Akafikiri. "Lakini kile kinachoniamsha usiku si hicho. Ni kwamba nilikwenda dukani kwa mtu kumweleza, badala ya kwenda kumuuliza."

Nilimwambia hata mimi nilipiga ule ukurasa.

"Ulipiga nilichokupa," akasema. "Huo ni wangu."

Matone ya kwanza yalianguka. Tukainuka wote wawili kukunja turubai. Yeye akachukua haragwe moja, akalitia mdomoni, akaling'ata kupima ukavu, kama wanavyofanya wanawake wote wa pale, na akalitema.

"Bado siku tatu," akasema. "Shika ule upande."